USIITIKIE MWANO USIOUJUA
Elimu ya vyombo vya habari ni kazi ya haki na amani



Tunaanza na ungamo, kwa maana si haki kumnyoshea mwenzako kidole huku mkono wako mwenyewe ni mchafu. Miaka michache iliyopita, katika parokia mojawapo tuliyotumikia, tulisoma matangazo baada ya Komunyo kama ilivyo desturi. Miongoni mwake lilikuwamo moja lililotufikia kwa njia ya simu, kupitia mikono ya mwamini mwema tunayemheshimu hata leo. Lilisema kwamba ipo taasisi inayotoa mikopo isiyo na riba kwa akina mama wajane, na kwamba kila mwenye nia atume shilingi 20,000 za fomu kwa namba iliyotajwa kabla ya Jumatano. Hatukuuliza neno. Tulisoma. Kufikia Jumatano akina mama kumi na wawili walikuwa wamekwisha kutuma fedha zao. Baadhi yao walikuwa wameuza kuku na karanga za mbegu. Siku ya Alhamisi namba ile haikupatikana tena.

Mmoja wao alipotujia ofisini hakulalamika. Alisema tu: "Baba, mimi nisingetuma. Nilituma kwa sababu ulisoma wewe."

Neno hilo ndilo lililozaa kijitabu hiki. Mwizi alikuwa mbali, wala hatukumjua. Lakini aliingia kanisani kwetu bila kubisha hodi, akapanda hadi kwenye mimbari, akaazima sauti yetu. Tangu siku ile tumeacha kuamini kwamba uongo ni dhambi ya yule tu anayeutunga. Anayeupokea bila kuupima na kuupitisha kwa jirani ni mshiriki wa dhulma, hata kama moyo wake ni mwema. Na kanisa linalowafundisha watoto wake kusali, lakini lisiwafundishe kupima habari, linawatuma porini usiku bila taa.

1. Je, lisemwalo lipo?

Wahenga walituachia methali isemayo: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Tunawaheshimu wahenga. Lakini methali hii, jinsi inavyotumiwa vijiweni na katika makundi ya simu, imekuwa kichaka cha wavivu. Mtu akiulizwa amejuaje kwamba mwalimu fulani ni mchawi, au kwamba chanjo fulani inaondoa uzazi, hujibu: "Lisemwalo lipo." Amekwisha kuhukumu. Hakuna shahidi aliyeitwa, wala mshtakiwa aliyesikilizwa. Wingi wa midomo umegeuzwa kuwa ushahidi.

Twasema wazi: yako mengi yasemwayo ambayo hayapo, hayakuwapo, wala hayatakuja. Nabothi, mwenye shamba la mizabibu, hakumtukana Mungu wala mfalme. Lakini Yezebeli aliandika barua kwa jina la Ahabu, akazipiga mhuri wa mfalme, akawatafuta waongo wawili wa kushuhudia. Wazee wa mji waliona mhuri, wakatii. Nabothi akapigwa mawe akafa, na shamba lake likatwaliwa. Tazameni jinsi jambo hilo lilivyo jipya: barua yenye nembo ya kweli, jina la mkubwa, maneno ya uongo, na viongozi wa mahali wasiouliza. Hayo ndiyo yanayozunguka leo katika simu zetu, tofauti ikiwa tu kwamba Yezebeli alihitaji matarishi, na wa leo wanahitaji kidole kimoja.

2. Sisi ni watu wa barabara ya habari

Hatuandiki mambo haya tukiwa ugenini. Kitete ni sehemu ya mji wa Tabora, na Tabora ni mji uliokuzwa na barabara. Misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika hapa Unyanyembe. Pembe za ndovu zilipita, nguo na shanga zilipita, watumwa walipita kwa machozi, na pamoja na vyote hivyo zilipita habari. Babu zetu Wanyamwezi walikuwa wapagazi mashuhuri. Walijua kubeba mzigo, na walijua pia kwamba habari nayo ni mzigo: huenda ikawa imefungwa vibaya, au imeoza njiani, au imebadilishwa na aliyeibeba.

Kisa kimoja cha barabara hizo kinatufaa. Mwishoni mwa mwaka 1866 watu kutoka kisiwa cha Nzwani, wakiongozwa na Musa, walifika Unguja wakisema kwamba bwana wao, David Livingstone, ameuawa na Wangoni karibu na Ziwa Nyasa. Walieleza kwa mapana jinsi alivyopigwa. Wengi waliamini, na magazeti ya Uingereza yakatangaza msiba. Lakini mtu mmoja, Edward Young, aliyekuwa amewahi kufanya kazi na Livingstone na kumjua Musa, alitia shaka. Mwaka 1867 alipelekwa Ziwa Nyasa na mashua ya chuma. Hakubishana na mtu vijiweni. Alikwenda mahali penyewe, akawauliza wenyeji wa kijiji kimoja baada ya kingine, na wenyeji wakamwambia kwamba mzungu yule alipita akiwa hai, akaendelea na safari hata kupita mahali palipodaiwa kuwa ndipo alipofia. Kumbe Musa na wenzake walikuwa wamemtoroka, na walitunga kifo chake ili wasikose mshahara. Miaka mitano baadaye, mwaka 1872, maiti huyo wa magazetini alikuwa akiishi kwenye tembe la Kwihara, maili chache tu kutoka tunapoandika maneno haya. Alikufa kweli mwaka uliofuata, na Susi na Chuma waliubeba mwili wake wakapita nao hapa Unyanyembe.

Katika kisa hicho imo elimu nzima tunayoipigania. Nani amesema? Amejuaje? Ananufaikaje habari ikiaminiwa? Nani mwingine, asiyehusika, anaweza kuthibitisha? Young hakuwa na mtambo wowote wa ajabu. Alikuwa na maswali na miguu.

3. Uzushi unamwaga damu

Yupo atakayesema kwamba tunakuza mambo, na kwamba uvumi ni porojo za kupitisha jioni. Na atusikilize.

Tarehe 1 Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, Dodoma, watu watatu waliuawa na umati. Walikuwa watafiti wawili na dereva wao, watumishi wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha. Walikuja kuchukua sampuli za udongo, ili mkulima wa kijiji kile kile apate kuijua ardhi yake vizuri zaidi. Uvumi ulienea kwamba ni mumiani, wanyonya damu. Iliripotiwa kwamba tangazo la kuwatahadharisha watu lilitolewa kwa kipaza sauti cha kanisa. Hatutaji kanisa gani, kwa maana kila kanisa lina kipaza sauti. Tunaposoma habari hiyo tunawakumbuka akina mama wetu kumi na wawili, na mwili unatusisimka. Sisi tulipoteza shilingi. Huko walipoteza uhai, kwa kosa lile lile: chombo cha kumtangaza Kristo kiliazimwa kwa maneno ambayo hakuna aliyeyapima.

Uvumi wa mumiani ni wa tangu zama za ukoloni, nao huamka kila watu wanapokuwa na hofu. Mwaka 2017 uliamka nchini Malawi, wilaya za kusini, watu kadhaa wakauawa na umati, na Umoja wa Mataifa ukalazimika kuwaondoa watumishi wake katika baadhi ya maeneo. Wakaliaji wa nyumba zenye njaa walibaki bila wasaidizi. Ndivyo uzushi ulivyo: humuua mgeni leo, na kesho humnyima mwenyeji mkate.

Nasi wa mkoa huu tusijifanye watazamaji. Mwezi wa Julai 2017, wilayani Nzega, wanawake watano waliuawa na miili yao ikachomwa moto kwa tuhuma za uchawi. Kwa miaka mingi katika Unyamwezi na Usukuma bibi zetu wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu. Nani asiyejua kwamba macho ya mwanamke aliyepika miaka hamsini kwa kuni na samadi huwa mekundu kwa moshi? Lakini penye uvumi, moshi wa jikoni huwa ushahidi wa uchawi, na mara nyingine nyuma ya uvumi kuna mtu anayelitamani shamba la bibi huyo. Nabothi bado anauawa. Na ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa, wakakatwa viungo, kwa sababu ya uongo kwamba miili yao huleta utajiri. Uongo huo una watunzi, una wasambazaji, na una soko.

Mnaujua mwano. Mwano ukipigwa usiku, kila mwanamume wa kijiji hushika silaha yake akakimbia kuelekea sauti. Asiyeitikia hutozwa faini. Desturi hiyo, iliyotiwa nguvu na sungusungu katika miaka ya 1980, iliokoa ng'ombe wengi na maisha ya wengi, hatuidharau. Lakini nguvu ya mwano ndiyo hatari yake: mtu hukimbia kwanza, huuliza baadaye. Na mwano ukiwa wa uongo, umati tayari umefika na mapanga. Simu iliyo mfukoni mwako ni mwano usiolala. Mpigaji wake humwoni, wala hujui kama yuko kijijini kwako, Dar es Salaam au ng'ambo. Nchini India, mwaka 2018, ujumbe kuhusu watekaji wa watoto ulizunguka kwa WhatsApp na watu wasio na hatia wakauawa njiani, hata kampuni yenyewe ikalazimika kupunguza idadi ya makundi ambayo mtu anaweza kuyapelekea ujumbe kwa mara moja.

Hata redio iliua. Redio RTLM ya Rwanda ilianza kurusha matangazo mwaka 1993, kwa muziki mzuri na utani. Mwaka 1994 ilikuwa ikiwaita watu mende na kutaja nani auawe. Wakimbizi robo milioni walivuka Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa saa zipatazo ishirini na nne, mwishoni mwa Aprili mwaka huo. Tarehe 3 Desemba 2003, mjini Arusha, mahakama ya kimataifa iliwatia hatiani waasisi wawili wa redio hiyo pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura. Mahakama ilihukumu wenye kipaza sauti. Lakini nani aliwafundisha wasikilizaji, ambao wengi wao walikuwa wamebatizwa, kwamba redio yaweza kusema uongo? Swali hilo ni letu, wachungaji wa roho.

4. Hoja tatu tunazozikataa

Hoja ya kwanza husema: "Mimi sikutunga, nimesambaza tu." Huo ni utetezi wa mpagazi anayebeba pembe za wizi na kudai kwamba yeye ni mabega tu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2477, inataja makosa matatu dhidi ya sifa ya jirani: kuhukumu kwa haraka, kutangaza makosa yake bila sababu ya haki, na kumsingizia. Angalieni kwamba hukumu ya haraka inatajwa kuwa kosa hata inapokaa moyoni tu, bila kusemwa kwa mtu. Basi ikiwa kuamini ubaya wa jirani bila msingi wa kutosha ni kosa, itakuwaje kwa yule anayeupeleka kwa watu mia mbili na hamsini kabla ya kifungua kinywa? Ndugu, amri ya nane haikuandikwa kwa ajili ya watu wa mahakamani peke yao.

Hoja ya pili husema: "Hiyo ni kazi ya serikali. Na izuie, na ifunge." Hatupingi sheria. Mhalifu na akamatwe. Tangu mwaka 2015 tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao, ambayo kifungu chake cha 16 kinamwadhibu anayechapisha habari za uongo. Lakini sheria humfikia mwongo baada ya nyumba kuungua. Tena anayepewa rungu la kuamua peke yake lipi ni kweli, atajaribiwa kulitumia dhidi ya ukweli unaomkera. Mwishoni mwa Aprili 2020 takwimu za ugonjwa wa UVIKO-19 zilikoma kutangazwa nchini mwetu. Je, ugonjwa ulikoma? Je, uvumi ulikoma? Uvumi ulinenepa, kwa kuwa ulibaki peke yake mezani. Januari 2021 Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania liliwaandikia waamini kuwaonya juu ya wimbi jipya. Na Machi mwaka huo Katibu Mkuu wa Baraza alieleza kwamba mapadre zaidi ya 25 na watawa zaidi ya 60 walikuwa wamefariki katika muda wa miezi miwili, baada ya kusumbuliwa na matatizo ya kupumua. Tarehe 28 Julai 2021 chanjo ilipozinduliwa, wengi walikwisha kuambiwa na simu zao kwamba ni alama ya mnyama, au kwamba atakayechanjwa hatamaliza miaka miwili. Miaka miwili imepita, ikapita tena. Waliochanjwa wako pamoja nasi kwenye mabenchi. Walioeneza utabiri huo hawakuomba radhi.

Vivyo hivyo, tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa nchini na hali hiyo ikadumu kwa siku kadhaa. Familia zilizokuwa zikiwatafuta ndugu zao zilibaki na minong'ono. Hapo tulijifunza tena kwamba giza halizuii uongo. Giza ni shamba lake. Tiba ya habari mbaya ni habari njema iliyopimwa, pamoja na raia mwenye macho. Anayezuia vyote viwili asiseme kwamba anapigana na uzushi.

Hoja ya tatu huumiza zaidi, kwa sababu hutoka ndani ya nyumba: "Mambo ya redio na simu ni ya dunia, Kanisa lihubiri Injili." Wanaosema hivyo hawajasoma nyaraka za Kanisa lao. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati ya Inter Mirifica juu ya vyombo vya upashanaji habari. Katika namba ya 16 Mtaguso unataka watumiaji wa vyombo hivyo, hasa vijana, wafundwe namna ya kuvitumia, na mafundisho hayo yatolewe katika shule za kikatoliki, seminarini na katika vyama vya walei. Imepita zaidi ya miaka sitini. Tunauliza kwa unyenyekevu, tukijihesabu sisi wenyewe miongoni mwa waulizwa: ni katika mafundisho gani ya kipaimara kijana wa Tabora hufundishwa kutofautisha habari na tangazo la biashara, picha ya leo na picha ya miaka kumi iliyopita? Baba Mtakatifu Fransisko, katika ujumbe wake wa Siku ya Upashanaji Habari Duniani wa mwaka 2018, alizungumzia habari za uongo na kumrudisha msomaji bustanini Edeni: mtungaji wa kwanza wa habari ya uongo ni nyoka, naye hakusema uongo mtupu, bali alichanganya kweli kidogo na sumu. Basi wanaodai kwamba jambo hili si la Injili watuambie Biblia yao inaanzia ukurasa wa ngapi.

5. Danieli chini ya miti miwili

Tunaulizwa: "Sisi si waandishi wa habari. Tutapimaje?" Jibu limo katika kitabu cha Danieli, sura ya 13. Wazee wawili, tena waamuzi wanaoheshimiwa, walimsingizia Susana. Umati uliamini kwa sababu wasemaji walikuwa wakubwa, naye alikuwa akipelekwa kuuawa. Kijana Danieli alipaza sauti, lakini hakuishia kwenye kelele. Aliwatenga, akamuuliza kila mmoja swali moja: uliwaona chini ya mti gani? Walitaja miti miwili tofauti. Susana akapona. Ndipo tunaposema kwamba kupima habari ni tendo la kuokoa.

Basi, kabla ya kusambaza jambo lolote, mwamini na ajiulize maswali matano haya.

Kwanza, nani amesema? "Wataalamu wanasema" si mtu. "Imetumwa kama ilivyopokelewa" si sahihi, ni kukana wajibu.

Pili, amejuaje? Alikuwapo, au naye ameambiwa? Picha na sauti siku hizi hughushiwa. Akili unde huweza kuiga sauti ya padre au ya askofu hata mama yake asitambue. Sauti inayoomba fedha na ipigiwe simu kwa namba uliyoizoea.

Tatu, ni wapi na lini? Ajali ya nchi nyingine hupewa jina la Nzega. Mauaji ya zamani huvikwa tarehe ya leo.

Nne, nani ananufaika nikiamini? Anauza dawa? Anatafuta kura? Anataka shamba?

Tano, nani mwingine asiyehusika anathibitisha? Jambo la afya liulizwe kwa mganga au muuguzi. Hospitali ya Kitete iko hapa hapa mtaani, haihitaji nauli. Jambo la Kanisa liulizwe parokiani. Ujumbe wa kitapeli wa fedha upelekwe kwa namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano, usipelekwe kwa shangazi.

Jibu likikosekana, nyamaza. Kunyamaza hakujawahi kumchoma bibi kizee.

6. Yatupasayo kufanya

Tusiondoke na majuto matupu. Nchi hii imewahi kufanya makubwa. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza redio. Walikuwa na kiongozi na kitabu, walisikiliza pamoja, wakabishana, kisha wakachimba vyoo. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Redio haikuachwa imwage maneno masikioni mwa mtu mmoja mmoja gizani, ilisikilizwa mbele ya majirani, ambao waliweza kusema, "Hapo sikubali." Simu imetutenga. Kila mmoja husoma peke yake kitandani, na hofu yake haina wa kuitibu. Lakini vikundi tunavyo tayari, tena kila juma: jumuiya ndogo ndogo. Hapa Tabora tuna hazina ya ziada, TMP Book Department, iliyowachapia vitabu waamini wa vizazi kadhaa. Mji uliolifundisha taifa kusoma maandiko hauwezi kushindwa kujifundisha kusoma simu.

Kwa hiyo tunaomba, na kwa viongozi tunadai, mambo manne. Mosi, tangazo lolote lisisomwe kanisani wala kigangoni pasipo jina na sahihi ya mtu anayejulikana na aliyeulizwa. Sheria hii na ianze kwetu sisi mapadre. Pili, kila jumuiya itenge robo saa mara moja kwa mwezi, ujumbe mmoja uliozunguka usomwe kwa sauti na upimwe kwa maswali matano. Tatu, mafundisho ya kipaimara na semina za ndoa ziwe na somo la amri ya nane na simu. Nne, aliyesambaza uongo ausahihishe mahali pale pale alipousambaza, kwa watu wale wale. Anayeiba kuku hurudisha kuku; aliyeiba jina la mtu na alirudishe.

Nasi tulifanya hivyo. Jumapili iliyofuata tulisimama mahali pale pale tukasema: tangazo lile lilikuwa la uongo, na kosa la kulisoma ni letu. Fedha za akina mama wale tulizilipa kidogo kidogo. Imani yao hatujui kama tumeimaliza kuilipa.

Wapendwa, usiku mwano utapigwa tena. Utasema kwamba yule ni mumiani, yule ni mchawi, wale ni adui wa dini yetu au wa kabila letu. Siku hiyo Kitete na iwe na watu wachache, hata watatu tu, watakaosimama mbele ya umati na kuuliza kwa utulivu: nani ameona, chini ya mti gani?

Maswali ya kutafakari katika jumuiya

1. Ni ujumbe gani wa uongo uliowahi kuamini? Ulikudhuru wewe, au ulimdhuru nani?
2. Katika mtaa wetu, nani amewahi kuchafuliwa jina kwa uvumi? Je, tumemrudishia heshima yake? Tutafanyaje juma hili?
3. Someni Danieli sura ya 13. Kama tungekuwa katika umati ule, tungekuwa upande gani?

Amani ya Kristo iwe nanyi.

Tume ya Haki na Amani, Kitete, Tabora